Banda Limejaa au Bado? Historia ya Kuku wa Uani Hapa Pongwe



Kamati ya kijitabu hiki ilipogawa kazi, katibu alichukua habari za mikopo, mweka hazina akachukua hesabu zake, na sisi wa kiti cha mwenyekiti tukaachiwa historia. Tukajiuliza, historia ipi? Ya siku tuliyokutana mara ya kwanza chini ya mwembe mwaka 2015 kila mtu anaijua, na wale wasioijua wameshasimuliwa mpaka wamechoka. Tukaona tuandike historia ya swali moja. Katika miaka hii kumi, swali lililorudi mezani kwetu mara nyingi kuliko yote si la riba, wala la faini ya kuchelewa. Ni hili: mwenzetu anaomba mkopo aongeze kuku, je, banda lake lina nafasi?

Mgeni akilisikia anacheka. Anasema kina mama hawa wameacha mambo ya maana wanajadili tundu la kuku. Lakini wanachama wanajua. Fedha iliyomo ndani ya sanduku letu ni ya jasho. Kuna aliyeuza maandazi, kuna aliyeponda kokoto, kuna aliyekata mkonge. Mmoja akikopa akanunua kuku, wakasongamana, wakaugua, wakafa ndani ya wiki moja, aliyepoteza si yeye peke yake. Ni kikundi kizima. Kwa hiyo swali la nafasi ya kuku kwetu ni swali la amana.

Sasa tuanze mbali kidogo. Kuku hakuzaliwa na Afrika. Asili yake ni kuku wa mwituni kule Asia, na kwetu Pwani aliingia zamani sana pamoja na biashara ya baharini. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyepita Pwani hii mwaka 1331, aliandika kwamba Mogadishu alipewa wali wa samli na mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga. Karibu miaka mia saba iliyopita, na mgeni anapewa kuku! Kwa hiyo desturi hii ya kumkimbiza jogoo mgeni akibisha hodi hatukuianzisha sisi.

Na ukitaka kujua kwamba watu wa Pwani wamekaa na kuku muda mrefu, sikiliza majina. Mtoto wa shule siku hizi anajua kuku, jogoo na kifaranga, basi. Mama zetu walikuwa na tembe, ambaye ni kuku jike aliyekua lakini hajaanza kutaga. Walikuwa na koo, ambaye ndiye mzazi. Walikuwa na pora, jogoo mchanga ambaye bado hajajifunza kuwika vizuri. Majina haya hayakuwa mapambo. Yalikuwa hesabu. Mwanamke asiyejua kuandika alisimama mlangoni jioni akasema, "Koo wanne, tembe watatu, pora wawili, jogoo mmoja," na akajua ni yupi amepungua. Alijua pia nani aondoke. Pora wakiwa wengi wanapigana na kuchosha majike, basi pora ndiye wa kitoweo na wa kuuza. Tembe haguswi. Koo akizeeka anasubiri mgeni au arobaini.

Nafasi yenyewe walikuwa hawaipimi, kwa sababu mchana kuku hakuwa na banda. Uwanja wote ulikuwa wake, na wa jirani pia. Usiku tu ndiyo alilala kwenye tundu la fito na udongo, lililoinuliwa kidogo juu ya ardhi, au jikoni, au juu ya mti. Tundu lilikuwa la kumficha nguchiro na kicheche, halikuwa la kuishi. Likijaa, kila mtu aliliona limejaa, kwani kuku wa mwisho walikataa kuingia wakapanda juu ya paa.

Hapo ndipo mama zetu walikuwa na jibu lao, na sisi tunaona ni jibu kubwa kuliko lilivyosifiwa. Walifugishana. Mwenye kuku wengi alimpa koo mmoja au wawili jirani, dada au wifi aliyeolewa kijiji cha pili. Huyo anawalisha, anawatunza, na wakitotoa vifaranga wanagawana. Aliyekuwa hana kuku alianza hivyo. Aliyekuwa nao wengi alipumzika. Na kulikuwa na faida ya tatu waliyoijua bila kusomeshwa: maradhi yakiingia uwanja mmoja, si kuku wote wa mtu waliomo humo.

Maana maradhi yalikuwepo. Mdondo, wengine mnauita kideri, ndio adui wa banda kuliko kicheche na mwizi wakiwekwa pamoja. Wataalamu waliutambua rasmi mwaka 1926, kwenye kisiwa cha Java na huko Uingereza katika mji wa Newcastle, na jina la Kizungu la ugonjwa likatokana na mji huo. Huku kwetu ulisafiri kama bidhaa nyingine zinavyosafiri, kwa njia ya bandari. Mombasa uliandikwa mwaka 1935. Kuku anasinzia, anaharisha kijani, anapinda shingo, anazunguka kama amelewa, kisha anadondoka. Dawa hakuna. Ukiingia kwenye uwanja wa kuku ishirini, unaweza kuacha wawili. Wazee walisema ni upepo, wengine wakasema ni kijicho. Lakini hata aliyesema ni kijicho alikuwa na koo wake mmoja kwa wifi yake.

Adui mwingine ana historia ya kuchekesha. Yule kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu anayebeba vifaranga mchana kweupe hakuwa wa hapa. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili asafishe taka mjini. Akazisafisha, akazaana, akavuka bahari, na leo yupo Tanga nzima akisafisha vifaranga vyetu. Tunalitaja hili kwa sababu kunguru ndiye aliyewafanya wengi wetu tuache kuachia vifaranga uwanjani na tuanze kuwafungia. Na ukishamfungia kuku mchana, swali la nafasi linaanza.

Miaka hiyohiyo ya 1890 ndiyo iliyoibadilisha Pongwe. Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikapita hapa kwetu, na mwaka 1896 ikawa Muheza. Mwaka 1893 pia Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilipofika Pwani yetu ilikuwa hai 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakatoka mashamba yote mliyoyaona, hata mwaka 1964 nchi ikafikia kiasi cha tani 230,000 za singa kwa mwaka. Wenye kuku wanaelewa hesabu hiyo. Nyingi zilikufa, chache zikashika.

Mkonge ulitaka watu, na watu waliletwa kutoka mbali. Ofisi ya kuandikisha vibarua iliyojulikana kama SILABU ilianza mwaka 1944, ikakusanya manamba kutoka bara na hata nje ya mipaka, ikawaleta Tanga. Ndiyo maana ukiita majina ya babu zetu kwenye kikundi hiki unasikia Wadigo, Wabondei, Wasegeju, Wasambaa na Wazigua, lakini pia Wamakonde, Wabena, Wanyamwezi, Waha. Kambi za mkonge zilikuwa na vyumba vya mstari, ukuta kwa ukuta. Uwanja wa kila mtu ulikuwa hatua chache mbele ya mlango. Mama zetu waliokulia kambini wanasimulia kwamba hapo ndipo walipoanza kusikia maneno haya: "Kuku wako wamezidi." Kijijini hakuna aliyekwambia hivyo. Kambini kuku aliingia chumba cha mwenzio akadonoa posho, na ugomvi ukafika kwa mnyapara. Kwa hiyo wakafunga kamba mguuni, wakasuka matenga, wakajifunza kufuga wachache. Watano, sita. Huo ndio ufugaji mdogo wa uani tunaoujua.

Baada ya Uhuru mashamba mengi yakawa ya umma mwaka 1967, kisha bei ya singa ikashuka sana maana dunia iliona kamba za nailoni, na kazi zikapungua. Miaka ya mwanzo ya 1980 wote wenye umri wetu wanaikumbuka. Foleni ya sabuni, foleni ya sukari, mshahara unaoisha tarehe kumi. Wakati huo kina baba wenye kazi za ofisi na kina mama wa nyumbani mijini wakaanza "miradi", na mradi wa kwanza wa wengi ulikuwa kuku. Wakaja kuku wa kisasa, wale weupe na wekundu wa mayai, wasiotoka nje kabisa. Huyu alikuwa mgeni wa namna nyingine. Kuku wa kienyeji anataga kumi na mbili, kumi na tano, anaatamia, anapumzika. Kwa mwaka mayai yake ni kama arobaini au sitini. Huyu wa kisasa anaweza kupita mia mbili na hamsini. Lakini anataka chakula cha kupimwa, maji, hewa na nafasi. Usipompa, hagomi kwa maneno. Anadonoa mwenzie mpaka damu.

Na hapa kwetu ardhi ilikuwa inapungua. Chini ya Pongwe kuna mawe ya chokaa, na mawe hayo ndiyo yaliyoleta kiwanda cha saruji mwaka 1980. Kiwanda kikaleta wafanyakazi, wafanyakazi wakataka nyumba, barabara ikaleta maduka. Mwaka 2005 Tanga ikawa jiji na sisi tukawa watu wa jiji, ingawa minazi haijui hilo. Uwanja ambao bibi alifuga kuku arobaini wakilala juu ya mwembe, leo una nyumba tatu za wajukuu, choo, na kisima. Mwembe umekatwa. Banda limebaki kona moja, limebanwa kati ya ukuta wa jirani na jiko.

Kitu kimoja kilitupa nguvu mpya, nacho ni chanjo. Chanjo ya zamani ya mdondo ilitaka jokofu na ilikuja kwa chupa kubwa za kuku elfu, sasa mwenye kuku kumi afanye nini? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia walitengeneza chanjo iitwayo I-2 inayovumilia joto kuliko zile za kwanza. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 ikajaribiwa nchini kwetu, kisha ikatengenezwa hapahapa, Temeke, Dar es Salaam. Tone moja kwenye jicho moja, kila baada ya miezi mitatu. Haimtibu kuku aliyekwisha kuugua, inamkinga mzima. Hata hivyo chupa moja bado inatosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, na ikishafunguliwa haihifadhiwi. Hilo ndilo lililotufanya tuchanje kwa pamoja, nyumba kwa nyumba, siku moja. Tunaweza kusema bila kujivuna kwamba kikundi hiki kilishikamana kwa ajili ya chupa ile kabla hakijashikamana kwa ajili ya sanduku.

Kuhusu sanduku lenyewe tuseme kwa kifupi, kwani katibu ameeleza. Mtindo huu wa hisa ulianza Niger, Afrika Magharibi, mwaka 1991, kwa kina mama wasiojua kusoma. Ukafika Zanzibar, ukavuka Bara, watu wakauita VICOBA. Ilipotoka Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi vikatakiwa kusajiliwa. Sisi tuliutambua haraka kwa sababu upatu tulikuwa nao tangu bibi zetu.

Tangu kuanza, basi, maombi ya kuku yakamiminika. Na kila ombi likawa na ubishi. Bwana mifugo alikuja kutufundisha kipimo: kuku wakubwa watano au sita kwa mita moja ya mraba, wakiwa juu ya maranda. Tukafurahi, tukaona ubishi umekwisha. Haukwisha. Binti mmoja wa mwanachama, anayesoma chuo, akatusomea kwenye simu kwamba Ulaya kuku wa vizimba vya waya alikuwa anapewa sentimita 550 za mraba. Tukamwambia tuonyeshe. Akachukua karatasi ya kawaida ya kuchapia, akasema karatasi hii ina zaidi ya sentimita 620, kwa hiyo kuku yule hakupata hata karatasi nzima. Ukumbi ukanyamaza. Mmoja akauliza, anageukaje? Binti akasema hageuki vizuri, na ndiyo sababu vizimba vya namna ile vilipigwa marufuku katika nchi za Umoja wa Ulaya kuanzia tarehe 1 Januari 2012. Wale wanaofugwa sakafuni huko wanaruhusiwa hadi tisa kwa mita.

Wapo waliosema, kama Ulaya ni tisa, kwa nini sisi tano? Jibu lipo kwenye jua. Kuku hana jasho. Akisikia joto anafungua mdomo na kuhema, anatandaza mbawa. Usiku wa Januari hapa Tanga, wakati kaskazi imekauka na bati bado lina moto wa mchana, kuku tisa kwenye mita moja watakuchomea banda kwa pumzi zao tu. Na kila mmoja anaacha kinyesi gramu mia na zaidi kwa siku. Zidisha wewe mwenyewe.

Tueleze ombi moja ambalo lilitufundisha kuliko semina, na mwenyewe ametupa ruhusa. Mwenzetu huyu ni mjane, analea wajukuu watatu, na mkubwa wao alikuwa amefaulu kuingia kidato cha kwanza. Ada imefutwa, tunashukuru, lakini sare, madaftari, viatu na godoro havikufutwa. Alikuwa na kuku 18 chotara wa mayai. Akaomba mkopo wa kununua tembe 12 ili Januari ikifika wawe wanataga. Kama mkopo ungekataliwa, kijana asingeripoti kwa wakati. Kama ungetolewa na kuku wakafa, bibi angebaki na deni na kijana palepale nyumbani. Hakuna aliyelala vizuri wiki ile.

Kamati ikaenda na utepe wa cherehani. Banda mita tatu kwa mbili, maana yake mita sita za mraba. Mara tano, thelathini. Kumi na nane na kumi na mbili ni thelathini. Waliokuwa upande wake wakapiga vigelegele pale pale: nafasi ipo, tena imetosha kama imekatwa kwa kisu!

Mwanachama wetu mkongwe kuliko wote, aliyekulia kambini, hakupiga kigelegele. Akasema banda halipimwi mchana, kuku wakiwa nje wanapekua. "Njooni alfajiri, kuku wamelala." Baadhi wakanung'unika, lakini baada ya swala ya alfajiri tukawa pale na tochi. Akatuambia tuchuchumae mpaka usawa wa kichwa cha kuku, tuvute pumzi. Aliyesimama wima hakusikia kitu. Aliyechuchumaa macho yalimwasha. Ile ndiyo hewa kuku anayolala nayo.

Halafu tukamulika juu. Fito ya kulalia ilikuwa moja, urefu wa mita tatu. Kila kuku anahitaji kama sentimita 20 za kukaa bila kusukumwa. Fito ile ilikuwa ya kuku 15. Hao watatu waliobaki walikuwa wapi? Walikuwa wamelala ndani ya viota, juu ya majani ya kutagia. Na mwenyewe alikuwa analalamika mwezi mzima kwamba mayai yake yanachafuka na muuza chipsi anayakataa. Viota navyo vilikuwa vitatu. Kiota kimoja ni cha kuku watano, kwa hiyo navyo vilikuwa vya 15. Sakafu ilisema thelathini. Fito na viota vilisema kumi na tano, na tayari wapo kumi na nane.

Sasa chakula. Kuku wa mayai anakula kama gramu 120 kwa siku. Kumi na nane ni kilo 2 na gramu 160, kwa mwezi karibu kilo 65. Thelathini ni kilo 3 na gramu 600, kwa mwezi kilo 108. Nyongeza ni kilo 43, na tembe akiingia leo hatagi kesho. Anakula wiki kadhaa kabla hujaona yai. Mjane wetu alikuwa anapunguza gharama kwa machicha ya nazi, mabaki ya mboga na dagaa waliovunjika kutoka sokoni. Vitu hivyo vilitosha kuwapunguzia chakula kuku 18. Nazi za nyumba moja haziongezeki kwa sababu umeongeza kuku.

Jambo la nne lilitajwa na mwenyewe. Akasema, "Na hao wageni nitawaweka wapi wiki mbili za kwanza?" Kila mtu hapa anatumia ile methali ya kuku mgeni na kamba mguuni kuwasema watu. Lakini kamba ile ilikuwa na kazi ya kweli. Kuku mgeni alifungwa pembeni asipotee, asipigwe, na aonekane kama ana mafua, ndui au utitiri kabla hajachanganyika. Wenye kamba ndefu walikuwa wanawatenga wageni bila kujua neno la kitaalamu. Banda lililojaa mpaka mlangoni halina pa kumfungia mgeni.

Mjadala ulichukua mikutano miwili. Kulikuwa na sauti za kumpa nusu ya mkopo, na sauti za kumnyima kabisa mpaka ajenge banda la pili. Banda la pili angelijenga wapi? Upande mmoja ukuta wa jirani, upande mwingine makaburi ya wazee wake. Ndipo yule mkongwe akasema neno ambalo wengi tulikuwa tumelisikia utotoni tukalisahau. Akasema, wafugishe.

Tukafanya hivi. Mkopo ukatolewa wote, wa tembe 12. Sita wakawa wa kwake. Sita wakagawiwa kwa wanachama wawili vijana, watatu kila mmoja, waliokuwa na mabanda matupu kwa kukosa mtaji wa kuanzia. Wao wanalisha na kutunza. Mayai wanagawana nusu kwa nusu na mwenye kuku. Kuku akifa kwa uzembe analipwa, akifa kwa maradhi wanakula hasara pamoja. Yaliandikwa, yakawekwa dole gumba. Bibi zetu hawakuandika, lakini bibi zetu hawakuwa na riba.

Kwake tukapigilia fito ya pili, tukaongeza viota viwili vya mbao za masanduku, tukafungua ukuta wa upande wa bahari kwa wavu ili hewa ipite, tukaondoa maranda ya zamani na kupaka chokaa. Kazi ya siku moja, na chai. Sakafu ikawa na kuku 24 ambapo ingeweza 30. Fito zikawa za 30. Viota vitano, vya 25. Chakula kikaongezeka kilo 22 kwa mwezi badala ya 43. Tembe sita wageni wakakaa wiki mbili kwenye jiko la zamani, wakachanjwa, ndipo wakaingia. Usiku, maana ukiwaingiza usiku asubuhi wanaamka pamoja kama ndugu, au angalau hawapigani sana.

Yai la kwanza la tembe lilipatikana wiki ya pili ya Desemba, dogo kama la njiwa. Kijana aliripoti shuleni na godoro lake. Mkopo ulirejeshwa kwa miezi saba, mwezi mmoja zaidi ya tuliopanga, kwani bei ya pumba ilipanda. Wale vijana wawili leo kila mmoja ana kuku wake mwenyewe kumi na zaidi, na mmoja wao sasa naye amefugisha.

Kiangazi kilichofuata mdondo ulipita mtaa wa chini, nyumba ambazo hazikuchanja. Kwetu walikufa wawili, na hao walikuwa hawajachanjwa kwa sababu walikuwa juu ya mti siku ya zoezi. Watu wengine walisema ni bahati yetu. Sisi hatukubishana nao, tuliwauliza tu kama wanataka kuandikishwa kwenye zamu ya chanjo. Nyumba sita ziliandikishwa.

Tangu hapo fomu yetu ya mkopo wa kuku ina mistari mitano ya kujaza: sakafu mita ngapi, fito mita ngapi, viota vingapi, chakula cha miezi miwili kitatoka wapi, na mgeni atafungiwa wapi. Mstari mmoja ukiwa mtupu hatukatai mkopo. Tunauliza ni nani kwenye kikundi ana banda tupu. Katibu anasema kwa sasa wapo wanachama wanne wenye mabanda matupu, na majina yao yamebandikwa kwenye kifuniko cha sanduku.

Chanjo ijayo ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi na mbili asubuhi. Tafadhali msiwafungulie kuku kabla timu haijafika, na wale wenye kuku wanaolala juu ya miti wawashushe Ijumaa usiku.